Mama, Mume Wangu na Uji wa Rejeta

Kwa miaka tisa mama yangu na mume wangu hawakuwa wamesemezana hata neno moja, na sijui watu wawili waliopendana kuliko wao. Kwetu Bungoma hilo si jambo la ajabu. Mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawaangaliani usoni, na wakikutana njiani bila kutarajia, mmoja wao hugeuka akajifanya anatafuta kuni kwenye ua wa watu. Mama alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, mwanamke wa kuomba nusu saa bila kumeza mate, lakini honi ya mume wangu ikilia barabarani alishika sketi yake akatoweka nyuma ya jikoni. Mume wangu naye alipiga honi hiyo kusudi, mara tatu, tukiwa bado mbali, ili mkwe wake apate nafasi ya kukimbia kwa heshima.

Kati yao nilikuwa mimi. Mama akitaka kujua kama mkwe wake ameshiba, aliniuliza mimi. Mume wangu akitaka kumshukuru kwa kuku, alinishukuru mimi, kwa sauti kubwa, uso ameelekeza dirisha la jikoni. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu Kitale. Kazi ya kurudia maneno mpaka yaeleweke nilikuwa nimeizoea, kwa hiyo sikulalamika.

Gari tulilinunua katikati ya miaka ya tisini, wakati magari yaliyotumika Japani yalipoanza kuonekana kila mahali na hata walimu wakaanza kuota. Lilikuwa jeupe, dogo, limerefuka nyuma kama la kupeleka mikate. Mume wangu alikuwa msimamizi wa maabara katika shule ya upili, mtu wa kupima na kuandika. Gari lilipata daftari lake siku lilipofika. Kila Jumatatu kabla ya chai alifungua boneti, akaangalia oili, akaangalia maji, akaandika. Watoto wetu wawili hawakuwa na daftari kama hilo. Mkubwa aliwahi kuniuliza kama baba anaandika pia yeye ameongezeka kiasi gani.

Fundi wetu alikuwa Kalasinga mmoja mzee, Mhindi wa kilemba, mwenye gereji nyuma ya soko, ndevu nyeupe zimefungwa vizuri chini ya kidevu zisiguse grisi. Siku ya kwanza tulipompelekea gari alifungua kifuniko cha rejeta, akachovya kidole, akatuonyesha. Kidole kilikuwa chekundu.

"Ona, mwalimu. Hii hapana maji ya mto. Hii kulanti. Injini nakunywa hii, hapana shika kutu, hapana chemka. Rangi gani?"

"Nyekundu," mume wangu akajibu kama mtoto wa darasa langu.

"Basi nyekundu tu. Ikipungua, tia nyekundu. Kama hakuna, kuja kwangu. Ingine iko ya kijani, hiyo ya gari ingine. Usichanganye. Watu nachanganya, halafu nakuja kulia hapa."

Mume wangu aliandika NYEKUNDU TU, akapiga mstari mara mbili. Akanunua chupa moja ya akiba, akaifungia kwenye kabati pamoja na cheti chetu cha ndoa.

Fundi alituambia pia kwamba mpira mmoja wa maji ulikuwa unavuja kidogo sana, tone tone, si wa kutisha, tuangalie tu. Tukaangalia. Kila wiki maji katika kile kichupa cha plastiki kando ya injini yalishuka kidogo, na mume wangu akaandika. Lakini kila tulipokwenda kumtembelea mama na kurudi Kitale, kichupa kilikuwa kimejaa mpaka kwenye alama.

Jambo hilo lilimsumbua mwezi mzima. Hatimaye akapata jibu.

"Ni joto," aliniambia. "Bungoma iko chini kuliko huku. Kuna joto. Maji yakipata joto yanapanuka."

"Lakini tumerudi Kitale, na kuna baridi. Mbona hayajanywea?"

"Mama watoto, sayansi inaenda pole pole."

Alilieleza hilo jambo shuleni, na kwa kuwa hakuna mwalimu mwingine aliyekuwa na gari, hakuna aliyebisha. Kisha rangi nayo ikaanza kubadilika. Ile nyekundu ikawa kama chai ya rangi, halafu kama chai yenye maziwa kidogo. Mume wangu akasema Wajapani hawajui kupaka rangi itakayodumu. Akaandika hivyo hivyo.

Mwezi wa nane mwaka huo mdogo wangu, ambaye aliolewa Kachibora, akajifungua mtoto wa kwanza. Mama alitaka kumwona mjukuu. Angeweza kusafiri peke yake kama alivyofanya siku zote, lakini mzigo wake ulikuwa mikungu miwili ya ndizi, kuku wawili, maharagwe, na unga wa wimbi wa kumpikia mzazi uji, magunia mawili ambayo sisi sote kwa pamoja tusingemaliza mpaka Krismasi. Mume wangu akasema hapana, mama hawezi kuteseka na mizigo wakati gari liko. Akasema hayo kwangu, bila shaka. Nikaenda Bungoma siku moja kabla kumweleza mama.

Mama aliendelea kuchambua maharagwe.

"Nitaingia gali la mkwe namna gani?"

"Utakaa nyuma, mama. Yeye anaangalia barabara."

"Na kile kioo? Si kile kioo kinaangalia nyuma?"

Hapo ndipo mapatano yalipoanza. Kesho yake mume wangu alipofika, kioo cha ndani kiligeuzwa kikatazama paa. Mama angekaa nyuma ya dereva hasa, mahali ambapo hata mtu akigeuza shingo haoni kitu. Na kwa kuwa hakuamini shingo ya mtu, alileta leso yake kubwa, nikaifunga kwenye vile vishikio vya juu ya milango, ikaning'inia katikati ya gari kama pazia la mhubiri anayesubiri kutokea. Mume wangu alisimama shambani, mgongo ametupa, mpaka nilipomwita kwamba mama ameshaingia. Kisha akaja akaketi, akaweka mikono yote miwili kwenye usukani, akatazama mbele kama askari wa gwaride.

Kizuizi cha kwanza cha polisi kilikuwa kabla ya Webuye. Askari akainama dirishani.

"Hapo nyuma ya pazia kuna nini?"

"Mama mkwe," mume wangu akasema.

Askari alisimama wima, akavua kofia, akarudi nyuma hatua mbili. "Nendeni salama," akasema, na hakuuliza hata leseni. Nilijua anatoka pande zetu.

Mazungumzo ndani ya gari yalikuwa hivi. Mama, ambaye magoti yake yaligusa kiti cha mume wangu, alisema, "Mwambie apunguze mwendo."

"Mama anasema upunguze mwendo."

"Mwambie niko kilomita arobaini tu."

"Anasema yuko arobaini."

"Nimesikia. Mwambie arobaini ni mingi."

Tulipita Webuye, tukapita Misikhu. Tulipokaribia Lugulu mama aliuliza kupitia kwangu kama mkwe wake angependa ndizi mbivu, mkwe akasema kupitia kwangu kwamba angeshukuru, na mkono wa mama ukatokea chini ya leso ukiwa na ndizi, mimi nikaipokea, nikaimenya, nikampa mtu aliyekuwa mbele yake hata urefu wa mkono haufiki. Nilianza kuona kwamba safari ya Kachibora itakuwa ndefu.

Baada ya Lugulu, kwenye mwinuko, gari likaanza kuvuta kwa shida. Mume wangu akabadilisha gia. Nyuma ya leso nikamsikia mama ananusa.

"Mwambie kuna kitu kinanuka."

"Mama anasema kuna kitu kinanuka."

"Mwambie labda ni ndizi."

"Anasema labda..."

"Mimi najua halufu ya ndizi, nimelima ndizi. Hii ni tamu kama sukari imeungua. Hii ni lejeta. Mwambie aangalie mshale!"

Sikuwa na haja ya kurudia. Mume wangu alikuwa ameshautazama mshale wa joto, na mshale ulikuwa umelala juu kabisa, mahali ambapo hakuwahi kuuona. Moshi mweupe ukatokea kwenye kona ya boneti. Akaliegesha gari kando ya shamba la mahindi, akazima injini, akatoka mbio.

Hapa inafaa nieleze kitu kuhusu mama. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori la chama cha ushirika, na mama akiwa bibi arusi ndiye aliyekuwa akimpelekea maji ya rejeta kila asubuhi kwa sufuria. Alilijua lori lile kuliko alivyowajua mawifi zake. Baba pia alikuwa na kovu kubwa kifuani, la siku alipofungua kifuniko cha rejeta kabla haijapoa, na mama ndiye aliyempaka mafuta ya ng'ombe kwa wiki tatu.

Mume wangu hakuwa na kovu lolote. Alikuwa na koti lake, ambalo alilivua, akalikunja, akalishika kama kitambaa cha kuepulia sufuria, akaanza kuzungusha kifuniko.

Leso ilipasuliwa, sikuona vizuri ilivyopasuliwa. Nilichoona ni mama akitoka nje kichwa mbele, mwanamke wa miaka sitini na kitu, akipiga kelele, "Wee! Wacha hicho kifuniko! Wacha! Utakufa!" Kabla sijafungua mlango wangu alikuwa amemfikia mkwe wake kwa nyuma, amemshika mshipi wa suruali kwa mikono miwili, amevuta. Mume wangu akaja nyuma kama gunia, akaketi kwenye nyasi. Wakati huo huo kifuniko kilichokuwa kimelegea kikaruka, na maji ya moto, mazito, ya kahawia, yakapanda juu hapo hapo uso wake ulipokuwa.

Shambani kulikuwa na wanawake watatu wanapalilia. Hawakutazama gari wala moshi.

"Mayoo!" mmoja akasema, jembe limemwanguka. "Mama ameshika mkwe!"

Mama aliangalia mikono yake. Ilikuwa bado imeshika mshipi. Aliuachilia kama mtu aliyegundua ameshika nyoka, akageuka upande wa mahindi. Mume wangu alisimama, akajifuta nyasi, akageuka upande wa barabara. Wakasimama hivyo, mgongo kwa mgongo, gari likitoa moshi katikati yao.

"Mwambie," mama akasema, "ameumia?"

"Mwambie hapana," mume wangu akasema. "Mwambie asante."

"Mwambie mshipi wake umekatika."

"Mwambie si neno. Mwambie ulikuwa wa zamani."

Tulingoja karibu saa nzima rejeta ipoe. Mume wangu, suruali akiishika kwa mkono mmoja, akachukua kijiti akachovya ndani. Kijiti kilitoka kimevikwa kitu kizito, chenye mabonge, cha kahawia. Nilikuwa na magunia mawili ya unga wa wimbi nyuma ya gari na naapa hakuna mtu angeweza kutofautisha. Ulikuwa uji. Uji wa kumtosha mzazi anayenyonyesha pacha.

"Haiwezekani," mume wangu akasema. Akanusa. "Haiwezekani kabisa. Mimi natia nyekundu tu. Imeandikwa."

Mama alikuwa amechungulia kutoka mbali, na nikaona uso wake unabadilika. Akanivuta kando, nyuma ya mahindi.

"Anasema anatia langi gani?"

"Nyekundu, mama. Fundi alimkataza nyingine."

Mama aliketi chini kwenye tuta, akafunika mdomo kwa mkono.

"Mimi yangu ilikuwa ya kijani," akasema.

Ilitoka yote, kwa sauti ya chini. Kwamba mtu akiwa na mkwe mzuri hana namna ya kumshukuru, maana hawezi kumpa kitu mkononi. Kwamba siku ya kwanza gari lilipokuja, sisi tukiwa ndani tunakula, yeye alipita karibu nalo, akafungua boneti kama alivyokuwa akifungua la baba, akaona kile kichupa kimepungua. Akaenda mjini, akamwomba mwenye duka maji mazuri ya gari, yale ya watu wenye magari mapya. Akapewa kopo la kijani, akaambiwa hii ndiyo, yote ni moja. Tangu siku hiyo kila tulipokuja, sisi tukila kuku wake, yeye alikuwa nje anajaza. Kopo alilificha kwenye banda la kuku.

"Usimwambie," akasema. "Tafadhali, mwanangu. Nimeshamshika mshipi. Hilo moja linatosha kwa siku moja."

Nikaahidi. Nilirudi garini nikakuta mume wangu anaandika.

Trekta lililobeba mahindi kuelekea Kitale ndilo lililotuokoa. Dereva wake, mtu mpole mwenye kofia ya sufu, akatufunga kwa kamba ya katani. Mama alikataa kurudi ndani ya gari. Akasema kwa aliyoyatenda leo afadhali apande na mahindi. Akasaidiwa kupanda juu ya magunia, akaketi kule juu na kuku wake wawili mapajani, na hivyo ndivyo tulivyoingia Kiminini, halafu Kitale: mama mbele, juu, kama gavana anayekagua mji, sisi nyuma chini tunavutwa. Watu wa Kiminini walimpungia mkono. Nikamwona anawapungia pia.

Kwenye gereji Kalasinga alifungua kifuniko, akatazama, akafunga. Akafungua tena. Akaita mafundi wake wote waje waone.

"Mwalimu," akasema taratibu, "nani napika hii?"

"Mimi natia nyekundu tu."

"Hapana. Hapa iko nyekundu na iko kijani. Hizi mbili hapana patana. Nakuwa hivi, polepole, gari ikienda, ikipata moto. Naziba kila kitu. Nani natia kijani?"

"Hakuna mtu," mume wangu akasema, halafu akaanza kufikiri, na kufikiri kwake ndiko kulikokuwa kubaya. Alisema labda ni mtoto wa kituo cha petroli, yule anayecheka cheka. Alisema pia kuna bawabu wa shule ambaye aliwahi kuomba lifti akanyimwa. Akakumbuka kwamba bawabu huyo hulinda gari mchana kutwa. Akakumbuka kwamba bawabu huyo hamwangalii usoni. "Ni yeye," akasema. "Kesho asubuhi naenda kwa mwalimu mkuu. Mtu kama huyo hafai kulinda hata mlango wa choo."

Mimi nilimtazama mama. Alikuwa ameketi kwenye gurudumu kuukuu mlangoni, mgongo kwetu, kuku miguuni. Bawabu yule tulimjua sote. Alikuwa mzee mwenye watoto saba, na hakumwangalia mtu yeyote usoni kwa sababu jicho lake moja lilikuwa bovu. Nilifungua mdomo, nikakumbuka ahadi, nikaufunga. Nikaufungua tena.

Mama akasimama. Akageuka, akamwangalia mkwe wake moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi yetu.

"Si bawabu," akasema. "Ni mimi."

Mafundi wote wakageuka. Hata kijana aliyekuwa anagonga bati aliacha.

"Mimi ndiye nimekuwa nikitia," mama akasema. "Kila mkija. Niliona maji yamepungua. Nilitaka kukupa kitu, sikuwa na njia. Niliambiwa yote ni moja. Nisamehe, baba."

Mume wangu alishikilia suruali yake. Midomo yake ilisogea bila sauti, kama mtu anayepiga hesabu. Nilijua anapiga hesabu ya nini: zile Jumatatu zote, ile sayansi yote, joto la Bungoma.

"Kwa hiyo maji hayakuwa yanapanuka," akasema.

"Hapana," mama akasema. "Yalikuwa yananunuliwa."

Kalasinga ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia boneti. Halafu mume wangu akacheka, halafu mimi, na mama akajaribu kujizuia kwa heshima ya mkwe, akashindwa. Mume wangu alipopata pumzi alisema maneno ambayo nimeyaweka moyoni mpaka leo. Alisema, "Asante, mama. Nimekunywa chai yako miaka tisa, na gari limekunywa pia."

Basi gari likalazwa gereji siku mbili. Tatizo jipya likawa mahali pa mama kulala, maana mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake, hata kama amemshika mshipi. Mume wangu akabeba blanketi akaenda kulala maabarani shuleni. Alirudi asubuhi macho mekundu lakini mwenye furaha sana. Alikuwa amechanganya nyekundu na kijani kidogo kwenye chupa ya kioo, akachemsha usiku kucha kwenye moto mdogo, akapata utando mzito chini. Akauleta mezani wakati watoto wanakunywa uji. Mtoto wetu mkubwa alikataa uji kwa mwezi mzima.

Mama naye alikuwa amehamia gereji. Alikwenda asubuhi na kuku wake, akaketi kwenye gurudumu lile, akamwangalia Kalasinga akifungua mipira, akitoa rejeta, akiisukumia maji kwa bomba kutoka chini kwenda juu mpaka uji ukatoka vipande vipande. Kila maji yalipotoka na rangi kidogo mama alisema, "Bado. Rudia." Kalasinga alirudia. Siku ya pili kuku mmoja akataga ndani ya sanduku la spana, na mama akampa Kalasinga yai hilo. Mzee akanong'ona kwangu, "Mama yako najua gari kuliko mwalimu. Lakini usimwambie mwalimu." Nikaona kwamba sasa hata gereji imenifanya posta yake ya maneno.

Siku ya tatu tulifika Kachibora. Leso ilikuwa imepasuka, na hakuna aliyeitaja. Mama alikaa nyuma, ndiyo, lakini katikati, amejivuta mbele, kichwa chake karibu na bega la mume wangu, macho kwenye mshale wa joto. "Sasa uko sawa," alikuwa akimwambia. "Punguza hapa. Usipige gia ya pili mapema. Marehemu alikuwa anaingiza ya pili hapo kwenye mti." Na mume wangu akawa anasema, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama."

Mdogo wangu alitoka nyumbani kwake na mtoto mgongoni. Akatuona tunaingia, akaona mama yake na shemeji yake vichwa vimekaribiana wanazungumza, akasimama mlangoni, rangi imemtoka.

"Nani amekufa?" akauliza.

Habari zilifika Bungoma kabla yetu, maana wale wanawake wa shambani walikuwa na ndugu. Mjomba wangu mkubwa na wazee wawili wa upande wa mume wangu wakakutana kwa mama wakati wa mavuno kuzungumza juu ya mshipi. Walikula kwanza. Waliuliza maswali mengi, hasa mshipi ulishikwa kwa mkono mmoja au miwili, na mume wangu alitakiwa asimame aonyeshe. Mwishowe wakaamua kwamba mtu akimwokoa mkwe na moto, hiyo haihesabiwi kama kugusana, lakini kwa kuwa wamekwisha kusemezana mbele ya watu, afadhali wapeane zawadi, waendelee. Mama akatoa kuku. Mume wangu akatoa blanketi na shuka. Mjomba akachukua shingo ya kuku akasema jambo limekwisha.

Ilinichukua muda kuzoea. Nilikaa mezani kwa mama nikisikiliza mume wangu na mama wakizungumza juu ya breki, juu ya plagi, juu ya lori la baba na magurudumu yake, na wakati mwingine niligeuka kumwambia mmoja alichosema mwingine, kwa mazoea, wakaniangalia kwa mshangao.

Kabla ya Krismasi ikaja barua kutoka kwa mama. Alikuwa akiandika mara mbili kwa mwaka, kwa penseli, herufi kubwa zilizoegemea upande mmoja. Zamani barua zake zilikuwa zangu, na mwishoni aliweka mstari wa mkwe. Hii bahasha ilikuwa na jina la mume wangu. Nikaifungua hata hivyo. Kurasa tatu zilikuwa juu ya gari: aangalie mipira kabla ya mvua, asikubali oili ya kupimwa kwenye chupa, asimsikilize mtu yeyote anayesema yote ni moja. Chini kabisa, pembeni, mahali karatasi ilipokuwa imebaki kidogo, aliandika: Msalimie na mama watoto.

Niliusoma mstari huo mara mbili, kisha nikamwita mume wangu aje achukue barua yake.